Neno la wiki: Utando
Nomino hii imetokana na kitenzi tanda, kile kile cha wingu kutanda. Wengi tunaijua kwa buibui, au kwa maziwa yaliyopoa. Wahandisi wa mafuta wanaihitaji kwa kazi nzito zaidi.

Shinikizo la mafuta chini ya bahari likipungua, maji ya bahari husindiliwa mwambani ili yayasukume mafuta kuelekea visimani. Tatizo ni salfeti: kila lita ya maji hayo ina takriban miligramu 2,700. Ikikutana na bariamu iliyomo katika maji ya mwambani, hufanya ukoko mgumu ambao hata asidi ya kawaida haiuyeyushi, na mabomba huziba. Mwaka 1988, huko Brae katika Bahari ya Kaskazini, maji yalianza kupitishwa kwanza kwenye utando: salfeti karibu yote ikazuiwa, chumvi ya kawaida nyingi ikapita.

Kwa hiyo siafiki kuuita “chujio” tu. Chujio huzuia mchanga na taka. Utando huu hutenganisha vitu vilivyokwisha kuyeyuka majini. Wingi wake ni tando, nasi tuandike bila kusita: tando za kuondolea salfeti.