Makaburi ya Kaole, Chokaa na Jembe la Shaabani

Kilomita zipatazo tano kusini mwa Bagamoyo, jirani na mikoko, pana mji ambao waliobaki kuukaa ni wafu. Kaole ya kale ina misikiti miwili iliyobomoka na makaburi zaidi ya 20 ya mawe ya matumbawe. Msikiti mkongwe huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Baadhi ya makaburi yana minara, na katika minara ya aina hii mafundi wa pwani walikuwa wakipachika vibakuli vya kaure vilivyosafiri kutoka Uchina.

Fedha ya kujengea makaburi kama hayo ilikuja na pepo za kusi na kaskazi. Mfanyabiashara aliyefanikiwa aliweza kumlipa mwashi, na mwanawe akaweza kumlipa mwashi mwingine kuukarabati ukuta ulioanza kumeguka. Biashara ilipohama, makaburi yakabaki bila mtu wa kuyagharimia. Mikoko ilizidi kuikaba bandari. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliposhuka Kaole Juni 1857 kuanza safari yao ya bara, palikuwa bado na askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Zanzibar, lakini zama za Bagamoyo zilikuwa zimekwisha kukaribia. Misafara ya pembe na watumwa ilimwagikia huko, na watu wakaifuata.

Mwaka 1957 Tanganyika ilipata Idara ya Mambo ya Kale, na mwaka uliofuata Neville Chittick, mkuu wake wa kwanza, akachimba Kaole. Tangu hapo makaburi haya yana mlezi wa serikali, na mgeni hulipa kiingilio. Nashukuru kwa hilo. Ila kiingilio hutegemea wageni, na mvua ya masika hainyeshi kwa kufuata idadi yao.

Anayedhani kutunza kaburi ni kufyeka nyasi tu hajaona kazi ya mizizi. Ndege huangusha mbegu ya mtini juu ya ukuta, mche unaota katika ufa mdogo, na baada ya miaka michache mizizi imeyatenganisha mawe yaliyoshikana kwa karne kadhaa. Ukiung'oa kwa pupa unang'oka na ukuta. Dawa ni kuukata ungali mche, yaani lazima awepo mtu wa kupita mara kwa mara akikagua. Kisha ufa unazibwa kwa chokaa. Chokaa ya asili hutokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo kubwa la magogo, ikamwagiwa maji na kuachwa ikomae kwa muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Ni kazi ya kuni nyingi na subira nyingi. Saruji hupatikana dukani na hukauka upesi, ndiyo maana inavutia, lakini ni ngumu kuliko matumbawe. Hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na jiwe la zamani hulika pembezoni mwa kiraka kipya. Kwa hiyo ukarabati wa bei nafuu unaweza kuwa ndio wa gharama kubwa.

Kaburi moja pale Kaole halikungoja bajeti ya mtu. Ni lile linaloitwa la Sharifa. Watu wenye haja zao, wagonjwa na waliolemewa na mambo, bado huliendea kuomba dua na kuacha sadaka. Wapo wanazuoni wasioiafiki desturi hiyo, nami siingii katika hukumu yake. Naona tu kwamba panapokuja watu, njia haioti magugu.

Wazee wa pwani walikuwa na utaratibu wao wa kuhakikisha kazi haikatiki. Mtu aliweka wakfu kiwanja cha kuzikia, au minazi kadhaa: nazi zinaangushwa, zinauzwa, na pato linaendea msikiti, kisima au makaburi. Shamba lenyewe haliuzwi wala halirithiwi. Zanzibar na Mombasa kamisheni za wakfu zipo hadi leo. Katika vijiji vingi, hata hivyo, makaburi ya kawaida yanaishi kwa mchango wa nyumba kwa nyumba. Akifariki mtu, fedha ya sanda na mbao za kiunza hupatikana siku ileile, na vijana wanajitokeza na majembe bila kuitwa mara mbili. Fedha ya kununua panga jipya, kuziba mfereji unaokula ukingo wa makaburi au kusimamisha alama za mipaka kabla jirani hajasogeza shamba lake, hiyo ndiyo ngumu, kwa sababu siku hiyo hakuna anayelia.

Ningependa kila kijiji kitenge minazi mitano tu kwa kazi hiyo, iandikwe katika kumbukumbu za serikali ya kijiji na za msikiti, na hesabu isomwe mbele ya watu. Wakati mzuri wa kuisoma ni Shaabani, kabla ya Ramadhani, jamaa wanapokwenda kuwazuru wafu wao. Majembe huwa yameshakuja.