Maji, Nguvu Kazi na Mpunga: Fundisho la Madagaska

Kila njia ya kilimo ina hesabu yake. Tukiulizwa kama kilimo cha mpunga cha kutumia maji machache kina faida kuliko kile cha kujaza maji majarubani, hatuna budi kuuliza kwanza: faida hiyo ni ya nani, na gharama zake hulipwa na nani? Historia ya Madagaska inatupa jibu.

Mwaka 1961 padre Mjesuiti kutoka Ufaransa, Henri de Laulanié, alifika kisiwani humo. Mwaka 1983, huko Antsirabe, miche ya siku 15 tu ilihamishiwa shambani, ambapo desturi ilikuwa kungoja mwezi mmoja au zaidi. Mpunga ulichipua machipukizi mengi kupita kawaida. Kutokana na jambo hilo ilijengeka njia kamili: mche mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25, udongo wenye unyevu bila kufurika, mbolea ya mboji, na palizi za mara kwa mara. Mwaka 1990 iliundwa jumuiya ya Tefy Saina ili kuieneza.

Kwa upande wa vifaa, njia hiyo ni ya mtu maskini. Mbegu hupungua sana, maji hupungua, wala mbolea ya dukani si lazima. Mavuno nayo huongezeka, ingawa wataalamu wamebishana juu ya takwimu za juu kabisa zilizotangazwa.

Hata hivyo, utafiti wa Christine Moser na Christopher Barrett, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba walioifuata njia hiyo walikuwa wachache, na wengi waliojaribu waliiacha. Kwa nini? Maji yanayofunika jaruba huzuia magugu. Ni kama kibarua asiyedai ujira. Ukiyaondoa, kazi yake huangukia mikono ya binadamu. Tena kazi hiyo huja katika miezi ambayo ghala ni tupu, na mkulima maskini hulazimika kwenda kuuza nguvu zake katika shamba la mwingine apate chakula cha siku. Kwa hiyo njia iliyobuniwa kumsaidia maskini ilimfaa zaidi mwenye akiba. Huo si uvivu wala ujinga wa mkulima, bali ni hesabu sahihi ya mtu mwenye njaa.

Upande wa maji una mgongano wake pia. Katika skimu ya Mwea nchini Kenya, ambako njia hii ilianza kujaribiwa mwaka 2009, ada ya maji imekuwa ikitozwa kwa eka, si kwa kiasi kilichotumika. Anayeokoa maji hapunguziwi chochote. Anayenufaika ni mwenzake wa mwisho wa mfereji. Gharama ni ya mtu mmoja, faida ni ya wengi.

Kwa hiyo tunasema kuwa ufundi peke yake haumkomboi mkulima. Kada anayekwenda kijijini kuhimiza njia hii asianze na kamba ya kupimia nafasi. Aanze na maswali matatu: nani atapalilia, atakula nini wakati akipalilia, na maji yaliyookolewa yatagawanywa na nani? Penye ushirika wa kukopeshana chakula na palizi za kusukuma, na penye kamati ya maji inayosimamiwa na wakulima wenyewe, hesabu hubadilika. Bila hayo, tutakuwa tumewaongezea wanyonge kazi na kuiita maendeleo.