Sehemu B ya Sumu ya Kipindupindu: Historia ya Chanjo na Swali la Istilahi Kisiwani Nkombo
Mwaka 1959, mjini Calcutta, Sambhu Nath De alithibitisha kuwako kwa sumu ya kipindupindu. Sehemu yake A hudhuru. B hujishikiza tu utumboni. Chanjo ya Dukoral, iliyotolewa Unguja na Pemba mwaka 2009, huchanganya B na bakteria waliouawa. Katika jaribio la Matlab, Bangladesh, lililoanza 1985, mchanganyiko huo ulikinga kwa asilimia 85 katika miezi 6 ya mwanzo. Bila B, 58. Kufikia mwaka wa tatu tofauti ilikuwa imetoweka.

Kuwaambia wavuvi wa Nkombo, ziwani Kivu, kwamba chanjo ina “sumu” ni kuwafukuza. Kuificha asili yake ni kuwahadaa. Napendekeza “kishikio cha sumu”: mpini wa kisu haukati. Istilahi hiyo isitumike kwa Euvichol, isiyo na B.