Simile! Nyuma Kuna Mzigo

Pale Ndia Kuu nimeanza kukutana na pikipiki zinazovuta trela: kigari cha magurudumu mawili, chuma cha kuchomelea, kimefungwa nyuma ya kiti kwa bomba na nati. Watu wanakitazama kama kitu kipya kabisa Mji wa Kale. Mimi upya wake siuoni sana. Kipya ni injini. Swali la nani anauzuia mzigo ukishaanza kwenda, hilo mji huu umeliishi zaidi ya miaka 100.

Hebu tupige hesabu. Pikipiki za bodaboda, hizi za cc 125 au 150, zina uzani wa kilo 110 hadi 120 hivi. Pakia kwenye trela madumu 20 ya maji, kila moja lita 20. Hizo ni kilo 400, chuma cha trela hujakihesabu. Breki za pikipiki zilitengenezwa kwa ajili ya pikipiki na watu wake. Ukizishika, wewe unasimama, mzigo hauna habari. Unakuja tu, unakusukuma mgongoni, na kama ulikuwa umeanza kukata kona, trela inaitupa pikipiki ubavu. Kwenye barabara pana utapata pa kujitetea. Kwenye vichochoro vyetu kuna ukuta wa mawe ya matumbawe upande huu, na baraza yenye wazee upande ule.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandika reli nyembamba, upana wa futi 2, ikaipa jina kubwa: Central Africa Railway. Afrika ya Kati haikufika. Baada ya maili chache mradi ukafa, na vyuma vyake vikaja kutandikwa mitaani hapa kisiwani. Juu yake kikapita kiti chenye paa la turubai na magurudumu manne madogo, wanaume wakikisukuma kwa nyuma. Hiyo ndiyo toroli ya Mombasa. Maafisa na matajiri walikuwa na zao binafsi, na vipande vya reli viliingia mpaka kwenye nyumba zao. Penye mteremko wasukumaji waliruka wakapanda nyuma. Mambo yalidumu hivyo hadi miaka ya 1920, magari ya injini yakaimaliza kazi hiyo. Neno limebaki, limehamia kwenye kile kigari cha gurudumu moja cha mafundi wa ujenzi.

Siku hizi postikadi za toroli zinasambazwa mtandaoni kama kichekesho cha kikoloni, bwana kofia kubwa amekaa kivulini. Mimi huwatazama walio nyuma yake. Wao ndio waliokuwa injini.

Na toroli ilikuwa ya kubeba watu wenye nafasi. Mizigo yenyewe, tende na mazulia kutoka Ghuba, boriti za mikoko kutoka Lamu, ilishushwa kwenye majahazi Bandari ya Kale ikapanda mjini kwa mabega ya mahamali. Zamani wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Utumwa ulifutwa kisheria Pwani ya Kenya mwaka 1907. Mizigo haikufutwa.

Kisha mkokoteni. Lisikilize neno lenyewe, ni kama amri: mkokoteni! Yaani wengi wanaambiwa wamburute mmoja. Sijui kitu kingine cha barabarani ambacho jina lake linakupigia kelele hivyo. Lakini anayeuvuta ana elimu, na hapa ndipo ningependa wenye trela wakae wasikilize. Mzigo mzito haukai nyuma ya ekseli, la sivyo mikono ya mkokoteni inanyanyuka na mvutaji ananing'inia. Unakaa juu ya ekseli, umeegemea mbele kidogo tu. Kule nyuma hufungwa kipande cha tairi kuukuu. Mvutaji akitaka kupunguza mwendo huinua mikono ya mbele, tairi ikasugua lami. Ndiyo breki hiyo. Nenda feri ya Likoni uone mkokoteni uliojaa ukiteremka kwenda kwenye pantoni: mmoja mbele, wengine nyuma wanaurudisha kwa nguvu zote. Huyo wa mbele akiteleza, mzigo unapita juu yake.

Na honi yao ni mdomo. "Simile! Simile!" Wanasema imetoka kwenye bismillahi, na maana yake kila mtu Pwani anaijua: pisha, nyuma yangu kuna kitu ambacho siwezi kukisimamisha ghafla.

Kenya ilipoondoa VAT ya asilimia 16 kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zilijaa kila mji, na vijana wengi ambao wangevuta mkokoteni wakaenda kwenye injini. Siwalaumu hata kidogo. Mgongo wa hamali hauzeeki vizuri. Ila elimu ya mkokoteni haikupanda nao pikipiki. Nimeona trela ambazo mzigo wote umelala nyuma, kiungo kinainua gurudumu la nyuma la pikipiki mpaka linakosa kushika barabara. Nimeona kiungo cha pini moja bila mnyororo wa akiba. Pini ikikatika, trela inateremka peke yake kuelekea baharini na kila kilichoko njiani.

Fundi mmoja wa kuchomelea aliniambia wateja humwuliza trela itabeba kilo ngapi. Nilimwuliza kama kuna aliyewahi kumwuliza itasimama vipi. Alicheka, akaokota kipande cha tairi pale chini, akanionyesha mahali angekifunga. Hakuna aliyemwagiza bado. Mwenye trela aliyekuwa anasubiri hapo alisema yeye breki yake ni mdogo wake, hukimbia nyuma akiishika kwa kamba, na penye mteremko huruka juu ya mzigo.