Ua la Roshani na Boriti za Rufiji

Apitaye katika miji yetu ya pwani hakosi kuuona mti utambaao, wenye miiba na rangi ya zambarau au nyekundu, uitwao bogenvilia. Wakazi wa maghorofa ya Dar es Salaam huupanda chunguni na kuuweka roshani, ukaning'inia juu ya vichwa vya wapita njia. Wengi wetu hudhani kuwa mti huu ni wa asili hapa petu. Sivyo.

Kwao ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson, aliyesafiri na nahodha Mfaransa Louis Antoine de Bougainville, aliukusanya karibu na Rio de Janeiro mwaka 1767, na mti ukapewa jina la nahodha. Msaidizi wake katika kazi hiyo ya kukusanya mimea alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika mavazi ya kiume ili apokewe chomboni. Yeye alingoja hadi mwaka 2012 ndipo mmea mmoja wa jamii ya mtunguja ukaitwa kwa jina lake. Hata rangi ya bogenvilia hutudanganya: tuyaonayo si maua bali ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati.

Tabia ya mti huu yahitaji subira. Ukiunywesha maji kila siku utapata majani tele bila ua. Ukiuacha udongo ukauke baina ya maji na maji, na ukauweka penye jua la kutwa, utachanua. Ndiyo sababu chungu chake hakina budi kuwa na matundu chini, na ndiyo sababu huchanua zaidi wakati wa kiangazi kuliko wakati wa masika. Ni mti ambao haungestahimili hata kidogo matope ya delta ya Rufiji, ambako maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na ambako huota mkoko, msinzi, mkandaa na mchu.

Hata hivyo, historia ya roshani haiwezi kuelezwa bila delta hiyo, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti. Neno roshani lina asili ya Kiajemi, na mbao za roshani nyingi za Unguja zilitoka Bara Hindi. Lakini sakafu na dari za nyumba zile za mawe zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti haikuweza kuvuka nafasi kubwa, na kwa hiyo vyumba vilijengwa vyembamba, upana wa kiasi cha mita tatu hivi, ingawa urefu wake waweza kuwa mkubwa. Kwa maneno mengine, mti wa matopeni ndio uliompimia tajiri ukumbi wake.

Boriti hizo zilivuka bahari pia. Majahazi ya Arabuni na ya Ghuba yalikuja kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwa kusi, yamesheheni boriti za kuezekea nyumba katika nchi zisizo na miti. Mwaka 1939 baharia Alan Villiers, mzaliwa wa Australia, alifika deltani katika jahazi la Kuwait, akayaandika aliyoyaona katika kitabu kilichotoka mwaka 1940. Jina la nahodha wake, Ali bin Nasir al-Nejdi, twalijua. Ni nani miongoni mwetu awezaye kututajia jina la mkata boriti mmoja wa Rufiji?

Wakati huo misitu ile ilikwisha kuwa mali ya serikali. Wajerumani waliiweka chini ya usimamizi wao mwaka 1898, na wenyeji waliokuwa wakiishi humo wakajikuta ni wakazi wa hifadhi. Tangu hapo haukuisha ubishi juu ya nani akate mti, na nani afyeke alime mpunga. Hatusemi kwamba kuilinda mikoko ni kosa, maana ikitoweka bahari huila nchi. Twasema tu kwamba aliyeikata kwa amri ya mfanyabiashara na aliyekatazwa kuikata alikuwa mtu yule yule.

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya fito, udongo na makuti. Lakini alikuwa na roshani yake, nayo ni dungu. Katika mashamba ya mpunga ya bonde la Rufiji mkulima husimika nguzo, akatandaza jukwaa juu yake na kuliezeka, akakaa humo kuwafukuza ndege na nguruwe, na mafuriko yakija maji yakapita chini yake. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 watu wengi wa bondeni walihamishiwa vijijini, katika nchi ya juu. Mashamba yalibaki kule kule chini, na msimu wa mpunga ulipofika wengi waliteremka tena, wakasimika nguzo na kupanda madunguni.