Kutafsiri Mito: Habari za Maji ya Marekani katika Ramani ya Umma

Mwenye kutafsiri kitabu huanza akiamini kwamba kila neno la lugha ya kwanza lina mwenziwe katika lugha ya pili, na kabla hajamaliza ukurasa imani hiyo humtoka. Historia ya OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ili kila atakaye aichore na kuitumia bila ada, yatupa mfano wa jambo hilo, ingawa kilichotafsiriwa humo ni mito.

Idara ya uchunguzi wa jiolojia ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1879, ilikusanya habari za maji ya nchi nzima: mito, maziwa, vinamasi na mifereji, nyingi zikitokana na ramani za kipimo cha 1:24,000. Kwa sheria ya nchi hiyo, kazi ya serikali kuu haina hakimiliki. Basi wachoraji wa kujitolea walikuwa huru kuichukua. Lakini walikuwa na funzo mbele yao. Katika miaka ya 2007 na 2008 barabara zilizokusanywa na idara ya sensa zilitiwa kwa wingi kwa mashine, na makosa yake yalisahihishwa kwa mkono kwa miaka mingi. Kwa hiyo wako walioona afadhali maji yatiwe kidogo kidogo, bonde kwa bonde, kila mstari ukilinganishwa na picha zilizopigwa kutoka juu na yale yaliyokwisha chorwa.

Hapo ndipo tatizo la lugha lilipodhihirika. Serikali hutumia tarakimu: 46006 ni maji yatiririkayo mwaka mzima, 46003 ni ya msimu, na 46007 ni yapitayo baada ya mvua tu. Mto na kijito ni aina moja. Ramani ya umma, kinyume chake, huvitenga: kijito ni kile ambacho mtu mwenye nguvu aweza kukiruka; kizidicho hapo ni mto. Basi 46006 haina tafsiri moja, na hapana budi mtu atazame upana wenyewe ndipo aamue. Kiswahili nacho kina mgawanyo wake: huita mto hata ule ukaukao wakati wa kiangazi, na korongo ni njia iliyochimbwa na maji, yawemo yasiwemo.

Jambo hili haliwahusu wataalamu wa lugha peke yao. Msafiri katika jangwa la Arizona aonaye mstari wa buluu usioonyeshwa kuwa ni wa msimu, ataamini kwamba atapata maji.

Tarehe 1 Oktoba 2023 idara ile iliacha kuitunza hazina hiyo, ikaanza kutengeneza nyingine kutokana na vipimo vipya vya mwinuko wa ardhi. Nakala zilizomo katika ramani ya umma zimebaki mikononi mwa wachoraji. Mahali ambapo kila mstari ulipimwa kwa jicho kabla ya kutiwa, twaweza kuuliza kwa nini neno hili lilichaguliwa, na kupata jibu. Mahali ambapo tarakimu zilimiminwa tu, kazi ya kutafsiri ingali yangoja mtu.