Sinza: kutoka banda la kuku hadi fremu

Ramani ya Sinza, Dar es Salaam, haikuchorwa na mfanyabiashara. Ilichorwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na watu wa mipangomiji waliotaka kumpatia mfanyakazi wa kipato cha chini mahali pa kujenga, kwa kuwa serikali ilikuwa imeshindwa kumjengea. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, lilitumia sehemu kubwa ya miaka yake ya kwanza kuvunja nyumba za udongo na kusimamisha nyumba mpya palepale, kazi iliyokula fedha nyingi na kuongeza nyumba chache. Watu wa Dar es Salaam waliongezeka haraka kuliko saruji. Sera ikageuka: serikali itoe kiwanja, barabara, maji na mkopo, nyumba mtu ajijengee.

Mpango huo uliitwa viwanja na huduma. Benki ya Dunia iliingia na fedha zake 1974, na katika Dar es Salaam maeneo matatu yakapimwa: Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Mradi huohuo ulipeleka huduma Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha kujenga kila mmoja alivyoweza. Mikopo ya ujenzi ilipitia Benki ya Nyumba, ile THB iliyokuja kufa 1995 ikiwa na madeni yasiyolipika.

Viwanja vya Sinza vilikuwa vidogo, vingi vya mita za mraba mia tatu hivi, vimepangwa mgongo kwa mgongo kwenye mitaa iliyonyooka. Shule ilikuwa na eneo lake na maduka vilevile. Kwingine kote ilikuwa ni makazi tu, kwa maandishi.

Si siri kwamba viwanja vingi havikuishia kwa waliokusudiwa. Mabaraza ya miji yalikuwa yamevunjwa wakati wa sera ya madaraka mikoani, yakarudishwa 1978, na kati ya hapo ugawaji ulikuwa kazi ya maofisa. Karani na mwalimu walipata, lakini na wakubwa wao walipata, tena hao ndio waliokuwa na uwezo wa kumaliza nyumba. Kulikuwa na kizuizi kimoja tu. Miiko ya Azimio la Arusha ilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na neno kiongozi lilimgusa hata mtumishi wa umma wa ngazi ya kati. Mwaka 1971 serikali ilikuwa tayari imetaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000, kwa hiyo hakuna aliyedhani huo ni mzaha. Nyumba ya Sinza ikabaki ya kulala na kulea watoto.

Kilichoileta biashara ndani ya uzio ni njaa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mshahara wa mtumishi ulikuwa haumalizi mwezi. Kwa wengi haukumaliza hata wiki mbili. Mke wa bwana ofisa akafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Jirani akaanza maandazi na barafu za watoto. Mikocheni na Oysterbay, kwenye viwanja vikubwa zaidi, ng'ombe wa maziwa walifungwa uani kwa watu wenye vyeo. Watu waliita hiyo miradi, na serikali, iliyokuwa imewasaka walanguzi mwaka 1983, ilifumba macho. Mimi naona hapo ndipo soko la ardhi la vitongoji hivi lilipoanzia, miaka mingi kabla ya duka la kwanza lenye kioo: mwenye kiwanja aligundua kwamba eneo lake linaweza kumlipa kuliko mwajiri wake.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza miiko ile. Kiongozi akaruhusiwa kupangisha. Kuanzia hapo banda la kuku likabomolewa, na mbele ya nyumba, pale palipokuwa na ua wa michongoma, zikapanda fremu.

Fremu ni kitu kidogo ambacho ni rahisi kukidharau. Ni chumba cha tofali za saruji, upana hatua nne au tano, mlango wa chuma unaotazama barabara, choo hakuna. Mwenye nyumba anazijenga tatu au nne kwa mstari, ukuta wa nyuma wa fremu ndio unakuwa uzio wake mpya, na yeye anaingilia kwenye kijia kilichobaki pembeni. Mpangaji analipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Pakichangamka, mpangaji anayeondoka anadai kilemba kwa anayeingia, fedha ambayo mwenye nyumba haioni. Kwa mkupuo wa namna hiyo watu wamesomesha watoto bila kukanyaga benki.

Sheria ilichelewa kufika. Kwa muda mrefu ardhi tupu ilihesabiwa kuwa haina bei. Kilichouzwa ni maendelezo yaliyo juu yake. Ndiyo maana mtu aliweza kukuuzia msingi wa nyumba, au minazi mitatu, kwa bei ambayo minazi hiyo isingeifikisha hata ingezaa karne nzima. Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika 2001, ilikubali kwamba ardhi ina thamani, na marekebisho ya 2004 yakafungua mlango wa kuuza kiwanja kitupu. Mwaka 2006 jengo la maduka la Mlimani City likafunguliwa kwenye ardhi ya Chuo Kikuu, kando ya Barabara ya Sam Nujoma, hatua chache kutoka Sinza. Waliotabiri kwamba lingeua fremu walikosea. Watu walipita Mlimani City kutazama, wakanunua kwenye Barabara ya Shekilango, ndani ya Sinza: magauni ya harusi, nywele, simu, dawa, na jioni nyama choma.

Ghorofa zilifuata. Hapa ndipo wakazi wa mitaa ya ndani walipoanza kunung'unika, na kwa haki. Kubadili matumizi ya kiwanja kutoka makazi kwenda biashara kuna utaratibu wake, pamoja na tangazo ili majirani watoe pingamizi. Lakini maombi huja kiwanja kimoja kimoja, na hakuna anayejumlisha. Karo la maji taka lililochimbwa kwa ajili ya familia moja sasa linabeba baa, saluni na nyumba ya wageni. Gari la kunyonya linaitwa kila mara, na mvua zikija wapo wanaofungulia mtaroni. Magari ya wateja yanalala mbele ya geti la mzee mstaafu, muziki unakwenda hadi alfajiri. Kodi ya jengo, inayokatwa kwenye malipo ya umeme ya LUKU tangu 2021, ni ya kiwango kimoja kwa kila nyumba ya chini. Haiulizi kama mbele yake kuna fremu sita au hakuna hata moja. Mwenye fremu anaingiza, gharama anagawana na mtaa mzima. Ningekuwa diwani ningeanzia hapo, siyo kwa kuwafukuza mama ntilie.

Hata hivyo mpango wa zamani haukupotea bure. Wachumi walioongozwa na Guy Michaels wa London School of Economics walilinganisha maeneo ya mradi huo katika miji saba ya Tanzania na maeneo jirani yasiyopimwa, wakakuta kwamba miongo kadhaa baadaye nyumba za kwenye viwanja vilivyopimwa ni kubwa na bora zaidi. Kwa wenyeji hilo halikuwa jipya. Gari la mzigo linaingia Sinza na kutoka. Tandale, ng'ambo ya Mto Ng'ombe, kuna mahali hata toroli linapita kwa kuombana. Barabara zilizonyooka kwa ajili ya wakazi ndizo zilizomvuta mfanyabiashara.

Sasa hamu ya fremu imehamia kwenye vitongoji vipya zaidi vya jiji: Goba, Madale na Kibada. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza 2002, ulitenga maeneo ya biashara kwenye ramani, kama zamani. Wanaojenga kando ya barabara hawayasubiri. Sinza ilianza na nyumba na fremu ikafuata baada ya miaka ishirini. Goba mtu anaanza na fremu mbili, anazipangisha zikiwa bado hazijapigwa plasta, na kodi hiyo ndiyo inayonunua nondo za nyumba itakayokuja nyuma yake.